Neno "Skwota": Asili na Maana Zake katika Sehemu za Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika Kiswahili cha magharibi ya Kenya, ni machache yaliyogusa maisha ya watu kwa kiasi cha neno skwota. Neno hili, ambalo wingi wake ni maskwota, limetoholewa kutokana na neno la Kiingereza squatter. Husikika sokoni Kitale, katika mabaraza ya machifu, mahakamani Bungoma na katika kurasa za magazeti. Kila alitumiaye hudhani kwamba anayemsikiliza amemwelewa barabara. Hata hivyo, matumizi yake yakichunguzwa itaonekana kwamba umbo hili moja limebeba maana tatu ambazo haziafikiani.

Natuzitazame sentensi tatu za kawaida katika sehemu hizo:

(a) Babu yake alikuwa skwota katika shamba la Mzungu.
(b) Maskwota wamelivamia shamba, na mwenyewe anataka waondolewe.
(c) Maskwota wote walioandikishwa wagawiwe ardhi.

Katika sentensi ya kwanza, skwota ni mfanyakazi aliyekaa shambani kwa ruhusa na kwa mkataba. Katika ya pili, ni mtu aliyeingia pasipo ruhusa. Katika ya tatu, ni mtu mwenye dai ambalo serikali inapaswa kulisikiliza. Aidha, haielekei kuwa ajabu sentensi zote tatu zikiwahusu watu wa ukoo mmoja waliozaliwa, wakalima na kuzikana katika shamba lile lile. Watu hao hawakuhama. Kilichohama ni maana ya neno waliloitwa.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya neno hilo katika Kiingereza, njia liliyopitia hadi kufika Trans Nzoia, umbo lililolipata katika Kiswahili, na athari za kuzichanganya maana zake, hasa katika kazi ya tafsiri.

2. Asili ya neno katika Kiingereza

Nomino squatter imenyambuliwa kutoka kitenzi squat, ambacho kwa Kiswahili ni kuchutama au kuchuchumaa. Kiingereza kilikipata kitenzi hicho katika zama za kati kutoka Kifaransa cha kale, ambako kilikuwa na maana ya kuponda au kubana kitu hadi kikawa bapa. Wataalamu wa etimolojia hukifuatilia zaidi hadi Kilatini, kwenye kitenzi cogere, chenye maana ya kusukuma pamoja au kushurutisha. Kwa hiyo, chini kabisa ya neno hili mna dhana ya nguvu na mbano: mwenye kuchutama ni mtu aliyejikunja, aliyejibana, ambaye hajakaa akatulia.

Inafaa kulilinganisha neno hili na mwenzake, settler, ambalo Kenya limekuwa setla na ambalo Kiswahili sanifu hulifasiri kwa mlowezi. Settler limetokana na kitenzi settle, nacho chatokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kiti au mahali pa kukalia. Hivyo basi, maneno haya mawili yaliyotawala historia ya ardhi katika nyanda za juu za Kenya ni majina ya namna mbili za kukaa. Mmoja ameketi, mwingine amechutama. Aliyeketi anatazamiwa kubaki. Aliyechutama anatazamiwa kuinuka wakati wowote na kwenda zake. Tofauti hiyo haikutokana na muda ambao kila mmoja alikuwa amekaa katika nchi, wala na jasho alilolimwaga; ilitokana na jina alilopewa na mwenye kutunga sheria.

3. Safari ya neno katika makoloni

Matumizi ya squatter kwa maana inayohusu ardhi hayakuanzia Uingereza. Yalianzia Marekani mwishoni mwa karne ya 18, ambako neno lilitumiwa kuwataja watu waliojenga na kulima katika ardhi wasiyokuwa na hati yake. Kutoka hapo lilienea katika makoloni mengine yaliyotumia Kiingereza, na kila lilikofika lilijipatia maana mpya.

Mfano wa Australia unafundisha mengi. Hapo mwanzo neno lilikuwa la dharau, likitumiwa kwa watu walioingiza mifugo yao katika ardhi ya serikali bila idhini. Lakini katika karne ya 19 wafugaji wakubwa nao waliingia katika ardhi hiyo kwa maelfu ya kondoo, wakapewa leseni, wakatajirika. Kufikia katikati ya karne hiyo, kuitwa squatter huko kulikuwa karibu sawa na kuitwa mwinyi wa nchi.

Afrika ya Kusini ilikwenda kinyume. Huko neno lilitumiwa kwa Waafrika walioishi katika mashamba yaliyohesabiwa kuwa ya Wazungu. Makaburu walikuwa na neno lao, plakker, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kubandika. Mwafrika alionekana kama kitu kilichobandikwa juu ya ardhi, ambacho chaweza kubanduliwa. Miongoni mwa Wazungu waliokuja kulima Uasin Gishu na Trans Nzoia kabla na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wengi walitoka huko kusini. Walikuja na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na walikuja pia na msamiati wao.

4. Neno lafika Trans Nzoia

Ukoloni uliligawa eneo lililo chini ya mlima Elgon katika sehemu mbili. Upande wa Bungoma uliachwa kuwa hifadhi ya Waafrika, na upande wa Kitale ukatiwa katika nyanda za Wazungu. Baada ya mwaka 1919, mpango wa kuwapa ardhi askari wa Kizungu waliotoka vitani uliongeza idadi ya masetla, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Mashamba yalikuwa makubwa, na wenyewe hawakuwa na watu wa kuyalima. Wakulima na wafugaji, wakiwamo Wabukusu, Wasabaot na Wanandi, walikwenda kuishi humo na jamaa zao na mifugo yao. Wengine miongoni mwao hawakwenda popote. Mpaka wa shamba ndio uliowakuta walipokuwa.

Sheria ya mwaka 1918 iliyohusu wenyeji waishio katika mashamba ya Wazungu iliweka sharti kwamba mkazi afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kwa badali yake alipewa ujira mdogo, kipande cha ardhi cha kulima na mahali pa kulisha ng'ombe. Kusudi moja la sheria hiyo lilikuwa kukomesha desturi ya Mwafrika kulipa kodi ya fedha au ya mazao na kuishi shambani kama mpangaji. Sheria iliyofuata, ya mwaka 1925, ilimtaja mkazi huyo kwa jina la mfanyakazi. Jina hilo halikuwa la bure: mfanyakazi akiachishwa kazi hana haki ya kubaki, ilhali mpangaji aweza kuwa nayo. Sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1940, ilizipa halmashauri za wilaya, zilizokuwa mikononi mwa masetla, uwezo wa kupunguza idadi ya wakazi na mifugo yao, na wa kuongeza siku za kazi hadi 270.

Jambo la kuzingatia kwa mwanafunzi wa lugha ni hili: katika vinywa vya watu wote, mabwana kwa watumishi, mkazi huyo wa mkataba aliitwa squatter. Nje ya Kenya neno lilimaanisha mtu asiye na ruhusa. Kenya lilimpachikwa mtu ambaye ruhusa yake ilikuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Upotofu huo wa maana ndio chanzo cha matatizo yaliyofuata. Mtu aliyealikwa alipewa jina la mvamizi tangu siku ya kwanza, na jina hilo likamngoja mpaka siku mkataba wake ulipokwisha.

Wakazi wenyewe nao walikuwa na lugha yao ya kuyataja mambo. Kampeni za masetla za kuiondoa mifugo ya Waafrika mashambani, zilizoanza katika miaka ya 1920, ziliitwa kifagio katika Bonde la Ufa. Neno hilo moja la Kiswahili linaeleza sera nzima. Hali kadhalika, Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde wa Kimilili, iliyopigwa marufuku mwaka 1948 baada ya watu kuuawa kwa risasi Malakisi mwezi Februari mwaka huo, ilipata wafuasi miongoni mwa Wabukusu waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya Trans Nzoia. Masinde aliwataka Wazungu waondoke. Kwa maneno mengine, alikuwa akigeuza majina: aliyeitwa setla ndiye aliyekuwa mgeni, na aliyeitwa skwota ndiye aliyekuwa mwenyeji.

5. Umbo la neno katika Kiswahili

Kwa upande wa matamshi, neno limefuata kanuni za kawaida za utohozi. Kiishio cha Kiingereza kinachoandikwa -er hugeuka -a katika Kiswahili, kama ilivyo katika dereva, meneja na setla. Irabu ya silabi ya kwanza imefuata sikio, kwani Waingereza huitamka karibu na o. Katika Tanzania lipo umbo skwata, ambalo limeelekea kufuata maandishi. Nalo huko hutaja aghalabu mtaa uliojengwa bila kupimwa kuliko kumtaja mtu. Wakenya husema "huyu ni skwota". Watanzania huweza kusema kwamba mtu "anakaa skwata".

Kwa upande wa sarufi, skwota huchukua kiambishi ma- katika wingi, kama dereva na karani, lakini upatanisho wake ni wa viumbe wenye uhai: skwota huyu, maskwota hawa. Ipo pia nomino dhahania uskwota.

Lakini jambo kubwa zaidi limefichika. Kiswahili kiliazima nomino, hakikuazima kitenzi. Hakuna kitenzi kuskwota. Katika Kiswahili, majina mengi ya watendaji huchipuka kutoka vitenzi ambavyo msikilizaji anavijua: mkulima hulima, mpangaji hupanga, mvamizi huvamia, mlowezi hulowea. Msikilizaji huweza kuuliza: je, ni kweli mtu huyu amevamia? Neno skwota halina swali la namna hiyo. Halionyeshi tendo, na kwa hiyo tendo hilo haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Limekuwa jina la aina ya mtu. Ndiyo maana huweza kurithiwa: mtoto wa skwota huitwa skwota hata kama hajaingia katika shamba lolote isipokuwa kwa kuzaliwa humo.

6. Majina ya wenyeji kwa jambo lililo karibu na hilo

Si kwamba lugha za Kenya hazikuwa na majina ya watu waishio katika ardhi ya wengine. Katika lugha za Kiluhya, Kibukusu kikiwamo, kitenzi khumenya maana yake ni kukaa au kuishi mahali, na kutokana na shina hilo hupatikana omumenya, yaani mtu aliyepokewa akakaa katika ardhi ya ukoo usiokuwa wake. Katika Kijaluo mtu wa namna hiyo ni jadak, kutokana na dak, kuishi. Wagikuyu humwita muhoi, kutokana na hoya, kuomba.

Majina haya matatu yana sifa moja. Yote yanaeleza uhusiano baina ya watu wawili: mmoja ameomba au amekuja kukaa, mwingine amempokea. Hadhi ya mpokewa ilikuwa chini ya hadhi ya mwenye ardhi, na wala isidhaniwe kwamba hapakuwa na ugomvi. Lakini jina lenyewe lilikumbusha kwamba ruhusa ilitolewa. Neno skwota limemfuta yule aliyetoa ruhusa, likambakiza mkazi peke yake.

7. Baada ya uhuru

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianza kununua mashamba ya masetla na kuyagawa. Katika Bungoma zilianzishwa skimu kama vile Ndalu, Tongaren na Naitiri. Katika Trans Nzoia mashamba mengi yalinunuliwa na watu binafsi, vyama vya ushirika na makampuni ya wanunuzi wa ardhi, na mengine yakawa chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo lililoundwa mwaka 1965. Wafanyakazi waliokuwa wakiishi humo hawakupata nafasi sawa. Waliokuwa na fedha za kulipa walijiunga na wanunuzi. Wengine walibaki palepale, chini ya mwenye shamba mpya, bila mkataba wa zamani na bila hati mpya. Hapo ndipo maana ya pili ilipoifunika ya kwanza: waliokuwa maskwota kwa sheria ya mkoloni wakawa maskwota kwa kukosa sheria.

Mwaka huo huo wa 1965 serikali ilimteua Kamishna Maalumu wa kushughulikia maskwota na kuwaandikisha, na skimu zilizotokana na kazi hiyo zikaitwa Haraka. Tendo hilo la kuandikisha ndilo lililozaa maana ya tatu. Jina lililokuwa la aibu likawa la kutafutwa, kwa kuwa aliyekuwamo katika orodha ya maskwota alikuwa na matumaini ya kupata ardhi.

Ubaya wa hali hiyo ulionekana katika mlima Elgon. Skimu ya Chepyuk ilianzishwa mwaka 1971 ili kuwapa makazi watu waliohamishwa kutoka Chepkitale, kule juu mlimani. Ugawaji wake ulirudiwa na kubishaniwa kwa zaidi ya miaka 30, na kila awamu ilitokeza swali lile lile: nani anastahili kuandikwa, na nani ameingia tu? Ugomvi huo ulikuwa miongoni mwa sababu za mapigano ya Jeshi la Ulinzi wa Ardhi la Wasabaot, yaliyoanza mnamo mwaka 2006 na kuzimwa na operesheni ya kijeshi ya mwaka 2008. Mamia ya watu walipoteza maisha. Ama kwa upande wa Chepkitale yenyewe, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua Septemba 2022 kwamba ardhi hiyo ni ya Waogiek wa mlima Elgon. Watu walioweza kuondolewa kama wavamizi wa hifadhi walitambuliwa kuwa wenye nchi.

8. Neno mahakamani na katika tafsiri

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 imelifasili neno squatter kuwa ni mtu anayekaa katika ardhi iliyo ya mtu mwingine kisheria bila idhini ya mwenyewe. Hiyo ni maana ya pili peke yake. Lakini sheria hiyo hiyo inawataja watu hao hao miongoni mwa wanaoweza kupewa makazi na serikali, na hiyo ni maana ya tatu. Katiba ya mwaka 2010 ilichagua njia nyingine: katika kifungu cha 40, inapozungumzia fidia kwa ardhi iliyotwaliwa na serikali, inawataja wakaaji wa nia njema wasiokuwa na hati. Maelezo hayo ni marefu kuliko neno moja, lakini yanasema kitu kinachoweza kuchunguzwa.

Zipo kesi ambazo ushindi hutegemea maana iliyokusudiwa. Chini ya sheria ya ukomo wa mashtaka, mtu aliyekaa katika ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila idhini ya mwenyewe, anaweza kuiomba mahakama impe umiliki. Aliyekaa kwa idhini hawezi kuihesabu miaka hiyo. Na ardhi ya serikali haimo katika kanuni hiyo.

Basi na tumfikirie mzee wa Trans Nzoia anayetoa ushahidi kwa Kiswahili, akasema: "Sisi tulikuwa maskwota hapa tangu wakati wa Mzungu." Yeye anataka kusema kwamba familia yake ilialikwa, ikafanya kazi na kuishi kwa heshima, kwake neno hilo ni ushahidi wa uenyeji. Mkalimani anaandika squatters. Wakili wa upande mmoja anasikia kwamba mzee amekiri uvamizi. Wakili wa upande wa pili, akijua kwamba zama za Mzungu zilikuwa za mikataba, atasema mzee amekiri kwamba alikaa kwa idhini, na kwa hiyo miaka yake yote haihesabiki. Neno moja limemdhuru mzee mara mbili, naye hajui ni wapi aliposema vibaya.

Kwa sababu hiyo, mfasiri na mwandishi wa habari wanapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kuandika: mtu huyu aliingiaje? Nani alimruhusu? Ruhusa hiyo ilikoma lini? Majibu yakipatikana, Kiswahili kina maneno ya kutosha. Aliyekaa kwa mkataba wa kazi ni mfanyakazi mkazi. Aliyebaki baada ya mkataba kwisha ni mkaaji asiye na hati. Aliyeingia kwa nguvu au kwa siri ni mvamizi, na neno hilo litengewe yeye peke yake. Anayengoja kugawiwa na serikali ni mwombaji wa makazi. Neno skwota halitakufa kwa kukatazwa, wala si lazima life. Limekwisha kuwa neno la Kiswahili cha Kenya. Linalohitajiwa ni kwamba linapoandikwa, mwandishi aonyeshe ni skwota wa sentensi ipi kati ya zile tatu.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba neno hili lilianza kwa maana ya kubanwa na kujikunja, likapita Marekani, Australia na Afrika ya Kusini, na kila mahali maana yake ikaamuliwa na mwenye nguvu. Kenya lilipewa mtu aliyekuwa na ruhusa, likabaki naye ruhusa ilipoondoka, kisha likageuka kuwa jina la kuombea haki. Kiswahili kililipokea bila kitenzi chake, na kwa kufanya hivyo kikapokea hukumu bila ushahidi.

Kazi ya mtaalamu wa lugha si kugawa mashamba. Lakini kabla ya shamba kugawiwa huandikwa orodha, na orodha huandikwa kwa maneno. Katika Kitale na Bungoma, ambako jina la mtu katika orodha hiyo huamua atakakolala watoto wake, kulipima neno kabla ya kuliandika ni sehemu ya haki yenyewe.